Homa ya Harusi ya Masinya

Felistus aliletwa chumbani bila viatu, na kabla hajaketi alimwuliza Inspekta Imalingat kama ni kweli kwamba wamezika mtu mwingine tena.

"Nani amekwambia?"

"Askari wa zamu. Anasema ni yule shangazi yake Aguti."

"Ni kweli. Wamemzika jana."

Mwanamke akavuta kiti akakaa taratibu, kama mtu aliyebebeshwa kitu. Alikuwa mkazi wa Busia upande wa Kenya, mwuza maziwa mala, yaani ya mgando, na kila asubuhi alikuwa akivuka mpaka na vibuyu vyake kwenda kwenye kibanda alichokodi upande wa Uganda. Kibanda hicho sasa kilikuwa majivu. Vijana wa kijiji cha Masinya walikichoma, na kama konstebo asingewahi, wangemchoma na mwenyewe. Tangu hapo alikuwa mahabusu Tororo, nusu kwa kulindwa na nusu kwa kushukiwa.

Kisa chenyewe kilikuwa kinajulikana kotekote. Phanuel, fundi baiskeli wa Busia, aliishi na Felistus kwa muda mrefu, kisha akamwacha akaenda kumposa Aguti, binti wa Kiteso wa Masinya. Siku ya sherehe Felistus alifika bila kualikwa, kibuyu cha maziwa kichwani. Haukupita mwezi, bibi harusi akashikwa na homa. Ndugu wakadhani ni malaria, wakampa dawa za malaria. Alipofikishwa hospitali utumbo ulikuwa umekwisha kutoboka. Akafa. Akafuata rafiki yake aliyempamba, na sasa shangazi. Otai, baba mdogo wa marehemu, alikuja kituoni na neno moja tu mdomoni: sumu.

Sumu haikuonekana. Daktari aliyepasua maiti alikuta matumbo yenye vidonda, na katika vidonda hivyo bakteria wa homa ya matumbo. Felistus naye akapimwa. Naye akakutwa nao.

"Uliniambia hujawahi kuugua homa ya matumbo," Imalingat alisema.

"Ndiyo."

"Bwana afya mmoja wa upande wenu anakukumbuka. Anasema aliwahi kukupima. Akakwambia umepona wewe, lakini vijidudu vimebaki tumboni mwako, na akakukataza kuuza chakula. Alikwambia, hakukwambia?"

Felistus alitazama dirisha. Nje mvua ya asubuhi ilikuwa ikipiga mabati ya kituo, na mwamba wa Tororo ulikuwa umefichwa wote na ukungu.

"Aliniambia."

"Ukaendelea kuuza."

"Ningeuza nini, afande? Nina watoto, na hakuna anayenisaidia. Maziwa nayachemsha. Nayachemsha mpaka yapande, ndiyo nayapooza."

"Na kibuyu?"

"Nakisafisha kwa maji moto na mkaa."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, ndiyo. Nina mkono gani mwingine?"

Imalingat aliandika. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshamwambia wazi kwamba jibu hilo likipatikana, shauri limekwisha. Alijua ana ugonjwa, alikuwa na kinyongo, akapeleka maziwa. Hakimu hatahitaji zaidi ya hapo, na kosa lenyewe ni la kunyongwa.

"Ulikwenda harusini kufanya nini?"

"Nilitaka Phanuel anione."

"Akuone tu?"

"Anione nimevaa vizuri, nimekuja na kitu mkononi, sijafa. Basi. Ni upumbavu, najua. Lakini ndiyo hivyo."

"Na Aguti alikupokeaje?"

Hapo sauti ya Felistus ikabadilika. "Vizuri. Ndicho kinachoniuma. Alinipokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema asante dada. Halafu akacheka, akasema yeye maziwa hanywi, tangu utotoni yanamtapisha. Akawapelekea wazee waliokuja na Phanuel kutoka kwetu."

Kalamu ya Imalingat ikasimama. "Hakunywa?"

"Hata tone."

"Hilo hukulisema mwanzo."

"Nani aliniuliza? Kila anayeingia hapa ananiuliza niliweka nini ndani ya maziwa. Hakuna aliyeniuliza nani aliyanywa."

"Alilisema mbele ya nani?"

"Alikuwa na wifi yake. Anaitwa Among."

Imalingat akafunga jalada. Wazee wa Phanuel alikuwa amewahoji mwenyewe, mmoja mmoja. Wote walikuwa wazima, na mmoja aliyasifia maziwa yale huku akijipapasa tumbo kwa shibe. Wakati ule hakuuliza ni maziwa gani.

*

Maabara ya Daktari Ojulong ilikuwa chumba kirefu nyuma ya hospitali, chenye harufu ya spiriti na ya supu iliyochacha. Daktari alikuwa kijana bado, aliyerudi kutoka masomoni na miwani minene. Alikuwa ameshapanga sahani zake za kioo juu ya meza, mfuniko juu ya kila moja.

"Kaa hapa penye mwanga," alisema. "Nitakueleza kama nitakavyoieleza mahakama. Usipoelewa, nikatize."

"Nitakukatiza."

"Bakteria nao wanaugua. Kuna virusi ambavyo havina habari na binadamu kabisa. Kazi yake ni kuingia ndani ya bakteria, kuzaana humo mpaka bakteria anapasuka. Sasa tazama. Sahani hii nimepaka bakteria waliotoka kwa Aguti. Wameota, wametanda kama ukungu. Juu yake nimedondosha virusi, kila tone la aina yake. Unaona nini?"

Imalingat akainama. Ukungu ulikuwa umetanda sahani nzima isipokuwa mahali pamoja, palipokuwa na duara safi kama jicho.

"Hapa pamefutika. Pengine pote pako vilevile."

"Hapo virusi vimeshinda. Pengine pote bakteria wamejilinda."

"Wanajilindaje?"

"Kuna wanaobadilisha ngozi yao ya nje, virusi vikose pa kushika. Na kuna wanaoviacha viingie, halafu wanavikatakata humohumo ndani kabla havijazaana. Hili la kukata watafiti wa Ulaya wameanza kulifahamu juzi juzi tu, na bado wanatafuta hicho kinachokata."

"Mbona wasijikate wenyewe?"

Ojulong akavua miwani, akaonekana amefurahi. "Kwa sababu wamejitia alama. Uzi wao wa urithi una alama ya ukoo wao. Chenye alama hakiguswi, kisicho nayo kinakatwa. Ila ulinzi huo haukamiliki. Mara moja moja kirusi kinaponyoka, kinazaana, na watoto wake wanatoka wakiwa wametiwa alama ya bakteria hao hao. Hao sasa wanaingia kwa ukoo ule bila kuzuiwa. Ukiwapeleka kwa ukoo mwingine, wanakatwa upya. Kwa hiyo tunavilea virusi, hivi katika ukoo huu, vile katika ukoo ule. Ukiniletea bakteria nisiowajua, navidondosha vyote. Vitakavyoingia ndivyo vitakavyoniambia ni wa ukoo gani."

"Na yule rafiki? Na shangazi?"

Daktari akafunua sahani mbili nyingine. Duara lilikuwa mahali palepale.

"Felistus?"

Sahani ya Felistus aliifunua mwisho. Pale ambapo wengine walikuwa na jicho safi, yake ilikuwa na ukungu mzito usioguswa. Duara lake lilikuwa upande mwingine kabisa, chini ya tone jingine.

Imalingat aliiangalia muda mrefu. Kisha akaketi wima.

"Daktari, kuna wakili atakayesimama akuulize. Bakteria hawa hawawezi kubadilika? Hawawezi kutoka kwa Felistus na ngozi moja, wakafika kwa Aguti na nyingine?"

"Wanaweza kubadilika, mmoja mmoja, kwa bahati. Lakini watu watatu, waliougua kwa nyakati tofauti, wote wabadilike kwa namna ile ile, na Felistus abaki peke yake na ile ya zamani? Nimemrudia mara tatu. Hapana. Homa iliyowaua haikutoka kwake."

"Utaapa?"

"Nitaapa. Vikitofautiana hivi, naapa. Vikifanana, siapi, kwa sababu watu wawili wasiojuana wanaweza kubeba ukoo mmoja. Kufanana kunakuonyesha pa kutafuta tu."

"Na umepata vinavyofanana?"

Siku za nyuma Imalingat alikuwa amepeleka bwana afya Masinya kuchukua choo cha kila aliyegusa chakula cha harusi. Vikopo vilikwenda maabara vikiwa na namba tu. Majina alibaki nayo mwenyewe.

"Wote wasafi," Ojulong alisema, "isipokuwa namba nne." Akasogeza sahani ya mwisho.

Duara lilikuwa palepale pa Aguti.

Daktari aliinua macho. "Ni nani?"

Imalingat alichukua kofia yake mezani. Alikuwa anauona ule uwanja wa Masinya, watu wananung'unika, wengine wanageuka na kuondoka kwa aibu ya kuombwa choo, na mwanamke mzee anapita mbele ya wote, ananyoosha mkono kupokea kikopo. Nipime mimi kwanza, alisema, kama itasaidia kumpata aliyemwua mtoto wangu.

"Ni nyanya yake Aguti," alisema.

*

Kabla ya kuondoka Tororo alipita kituoni. Mwendesha mashtaka alisoma taarifa ya daktari akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, akasema kwamba hajawahi kuona shauri likibomolewa na wadudu. Kisha akatia sahihi.

Felistus alipewa viatu vyake. Alivivaa bila haraka.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe. Ila vijidudu unavyo bado. Vya kwako ni vingine tu."

"Hata hivi sasa?"

"Hata hivi sasa. Siwezi kukufungulia mlango bila kukwambia. Usiuze tena maziwa, wala chakula chochote. Daktari Ojulong atakuonyesha dawa."

Alikaa akiyatazama magoti yake. "Mnanitoa kwenye kitanzi, mnanirudisha kwenye njaa," alisema. "Sikulaumu, afande. Nasema tu." Halafu akauliza, "Phanuel ameambiwa?"

"Ameambiwa."

"Alisema nini?"

Phanuel, alipoambiwa na askari wa Busia, aliuliza jambo moja tu, kama ni nani basi, na aliponyimwa jina akainama juu ya gurudumu alilokuwa akiliunga akaendelea kuliunga. Jina la Felistus hakulitaja.

"Amefiwa," Imalingat alisema. "Hana maneno."

Felistus akatikisa kichwa, akatoka.

*

Landrova ilifika Masinya mchana, tope mpaka milangoni. Otai alikuwa ameshasikia. Alisimama katikati ya uwanja, makaburi matatu mapya nyuma yake yakiwa bado na udongo mwekundu uliovimba, na ingawa yeye na Inspekta walikuwa Wateso wote, alisema kwa Kiswahili ili konstebo naye asikie.

"Ile mwanamke mmefungulia?"

"Tumemwachia, mzee."

"Inalisha watu yetu sumu mpaka nakufa, na nyinyi nafungulia yeye mlango. Wewe ni mtoto ya hapa, Imalingat. Baba yako mimi najua yeye."

"Maziwa yake Aguti hakunywa, mzee. Walikunywa Wasamia, wale wazee wa Phanuel, na wote wazima. Na homa yake daktari ameipima. Si ile iliyoua hapa. Ni nyingine kabisa."

"Homa ni homa!"

"Sivyo. Na mimi sitamfunga mtu kwa homa ambayo si yake."

Otai alitema mate pembeni. "Basi ile nyingine natoka kwa nani?"

Vijana wawili walikuwa wameegemea banda la ng'ombe wakisikiliza. Imalingat aliwatambua. Mmoja bado alikuwa na alama ya moto mkononi.

"Kwa mtu asiyejua kwamba anayo," alijibu. "Hapakuwa na muuaji, mzee. Ni ugonjwa, na ni kazi ya bwana afya sasa. Atakayegusa mtu au nyumba ya mtu kwa jambo hili, nitamfunga mimi mwenyewe."

Akamwacha pale, akaenda nyuma ya nyumba kumtafuta Among, wifi wa marehemu. Alimkuta akipepeta ulezi. Alikuwa amekonda, na kitambaa alichojifunga kichwani hakikuficha vizuri nywele zilizokuwa zikinyonyoka.

"Nawe uliugua," Imalingat alisema.

"Kidogo. Nikasema malaria. Nikapona."

"Aguti alikunywa maziwa ya Felistus?"

"Aguti na maziwa? Hapana. Kila mtu najua."

"Sasa nisikilize. Wewe, Aguti, rafiki yake, na shangazi. Ni chakula gani mlikula ninyi, na wengine hawakula?"

Among aliweka ungo chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nyama tulikula wote," alisema. "Ugali ya ulezi, wote. Lakini ndani, wakati tunapaka Aguti mafuta, tulikula simsim, huo ufuta. Ile ya kusaga na karanga. Ilikuwa yetu tu, ya wanawake ya ndani."

"Iliyopikwa?"

"Inakaangwa, halafu inasagwa. Baada ya hapo haiendi tena kwa moto. Inakandwa na mkono."

"Nani aliikanda?"

"Mama Apolot, nyanya yake. Nilisema nimsaidie, akakataa. Akasema huyu mtoto amelelewa na mkono yake, na leo ndiyo mwisho kumlisha."  Macho ya Among yakaenda kwenye nyumba ndogo iliyojitenga, kisha yakarudi kwa Inspekta, na ungo akaushika tena bila kuupepeta. "Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Afande, hapana."

"Usimwambie mtu. Hasa Otai."

*

Apolot alikuwa amekaa kwenye ngozi ya mbuzi mbele ya nyumba yake, mgongo umeegemea ukuta. Alimkaribisha kwa Kiteso, akauliza habari za wazazi wake, akauliza habari za mvua za Tororo. Imalingat alijibu yote. Hakukuwa na njia ya kuyaruka. Kisha akaomba ruhusa, akaketi chini karibu naye.

"Mama, uliwahi kuugua homa ndefu? Zamani?"

"Nikiwa msichana, ndiyo. Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu kule Tiira, tuliishi hapo karibu na mashimo. Maji yalikuwa mabaya. Nililala mpaka nywele zikatoka zote. Watu walikwisha kuanza kunililia." Alitabasamu kidogo. "Nikaamka. Kwa nini unauliza?"

Akamweleza. Alimweleza taratibu, kwa maneno aliyoyachagua njiani kote, na njiani yalikuwa yameonekana yanatosha. Kwamba homa ile ilipotoka iliacha wadudu wake wamejificha kwenye nyongo. Kwamba wamekaa humo miaka yote bila kumdhuru, wala yeye hakuwa na namna ya kujua. Kwamba wanatoka na choo, na mkono uliosafishwa kwa maji matupu unaweza kubaki nao. Kwamba chakula cha kila siku huiva motoni, lakini simsim haikurudi motoni.

Apolot hakulia. Alisikiliza akiwa ameelekeza uso kwenye makaburi.

"Mwanamke wa maziwa hakufanya kitu," alisema.

"Hakufanya kitu."

"Walichoma nyumba yake."

"Ndiyo, mama."

"Nami niliwaambia wamefanya vizuri."

Kuku walipita mbele yao. Kutoka upande wa pili wa uwanja ilisikika sauti ya Otai akigombana na mtu.

"Kuna hospitali Kampala," Imalingat alisema. "Wanaweza kukupasua wakatoa ule mfuko wa nyongo. Na kuna dawa mpya. Nitakupeleka mwenyewe. Mpaka hapo, usimpikie mtu. Choo chako kiwe cha peke yako. Nimewaambia watu kwamba ni ugonjwa tu. Jina lako sijalitaja, wala sitalitaja."

Hakuwa na hakika kwamba mwanamke alimsikia.

"Pale Tiira," Apolot alisema, "nilizaa watoto wanne baada ya ile homa. Wanawake walinisifu kwa maziwa, watoto walinyonya wakanenepa. Kisha nawaachisha, naanza kuwatafunia chakula, kuwapa kwa vidole. Mmoja alifikia kutembea. Homa ikampata, na tumbo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Watu walisema mume wangu ametoboa shimo mahali pabaya, pa mizimu. Wa nne tulimpeleka kwa mama mkwe, akalelewa huko pamoja na Otai na dada yake, watoto wa mke mwenzangu, akakua. Ndiye baba yake Aguti." Aligeuza uso, akamtazama Inspekta moja kwa moja. "Wewe umesoma mambo haya. Wale watatu. Ni mimi?"

Tangu alfajiri Imalingat alikuwa akidai hakika. Kwa Felistus, kwa daktari, kwa Among. Sasa hakika ilikuwa kitu cha mwisho alichotaka.

"Siwezi kujua, mama. Hakuna wa kupimwa tena. Watoto wengi walikufa Tiira miaka ile, kwa malaria, kwa maji yale yale. Hakuna daktari anayeweza kukuapia."

"Sikuuliza habari za daktari."

Imalingat akavua kofia yake. Alijua kwamba hilo nalo ni jibu.

Mwanamke mzee aliitika kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa salamu kutoka mbali.  Kisha, kwa sababu mgeni alikuwa amekaa muda mrefu kwake na hajatia kitu mdomoni, akajisukuma kwa viganja, akasimama, akaenda jikoni. Alifika mlangoni. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka kushika kata iliyoning'inia pale.

Akaushusha.

"Among!" aliita. "Njoo umpe mgeni chakula."

Among alikuja mbio, macho mekundu. Alipakua ugali wa ulezi na mboga, akamnawisha Inspekta, akaondoka bila kuinua uso. Apolot alirudi kukaa, lakini si kwenye ngozi yake. Alikaa mbali, kule ukuta unakoishia, mikono ameificha chini ya leso.

"Kula, mwanangu," alisema.

Imalingat hakuwa na njaa. Alikula mpaka sahani ikawa tupu.